Mwaka Niliojifunza Kusimama kwa Mguu Mmoja

Leokadia alizikwa Mwimbi siku ya Alhamisi, na nitasema ukweli tangu mwanzo ili msomaji asije akaniona mwema: niliuonea wivu hata msiba wake. Watu walijaa uwanja mzima hadi barabarani, magari yalitoka Sumbawanga mjini na Matai, kwaya mbili ziliimba kwa zamu, na ule upepo wetu wa Juni unaopenya hata makoti mawili haukumfukuza mtu. Nilikaa mkekani na wanawake wa rika langu, nimejifunga kanga mbili na blanketi juu yake, nikawa nahesabu. Nilihesabu mapadri, wakawa watatu. Nilihesabu masufuria ya wali. Nikajiuliza kwangu watakuja wangapi, na kama padri atazidi mmoja. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, rafiki yake amelala ndani ya sanduku, anakaa anapiga hesabu za namna hiyo. Ilipofika saa ya kwenda kaburini, wenzangu waliinuliwa mmoja mmoja na vijana, huku wakiugulia magoti. Mimi niliinuka mwenyewe. Nilitanguliza mguu wa kulia, nikakaza paja, nikasimama bila kugusa chini. Mama mmoja akasema, "Oresta huyu bado ana nguvu za kisichana." Nilifurahi kusifiwa, kisha machozi yakanitoka kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu aliyenifundisha kuinuka hivyo ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumzika.

Habari za nani alinizaa na tulikuwa wangapi nyumbani haziingii hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa Mwimbi, na mwaka uliotangulia nilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe tukirudisha ulezi kutoka shamba, gurudumu likapita juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilikaa na plasta muda mrefu hata nikaizoea. Ilipokatwa, nilitazama kilichokuwa ndani nikadhani wamenibadilishia mguu. Ulikuwa umekonda, umepauka, na goti linacheza. Nikisimama nilikuwa nashika ukuta, nikitembea nilikuwa nashika watu, na ndoo ya maji sikuweza kuitwika hata ikiwa nusu. Msichana wa kwetu asiyeweza kutwikwa ndoo anaonewa huruma, na mimi huruma sikuwahi kuipenda. Mtawa mmoja, Sista Amandina, ndiye aliyekuwa akishughulika na watu wa namna yangu, katika chumba kidogo cha zahanati chenye benchi, kigoda na harufu ya spiriti. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa akisema huku anakufinya paja kama mnunuzi wa mbuzi. "Unadhani watu wanaanguka kwa sababu ya kichwa?" aliniuliza. "Wanaanguka kwa sababu hapa hapana kitu. Mfupa umeshaunga. Kilichobaki ni nyama, na nyama mimi sina dawa yake. Nenda ukaifanyie kazi." Akanionyesha: kukaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika, kupanda na kushuka kizingiti, kusimama kwa vidole, kusimama kwa mguu mmoja, na kila wiki kuongeza uzito kidogo. Kisha akauliza ni nani atanisimamia, maana peke yangu ningejidanganya. Leokadia, aliyenisindikiza, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mimi, Sista," kabla sijafungua mdomo.

Sasa nimweleze Leokadia. Alikuwa mdogo kwangu kwa miezi minne, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ua wa matete, na alikuwa na kila kitu nilichokitaka. Uso nauacha, ingawa na uso alikuwa nao. Nasema ule mwendo. Alikuwa akipandisha kutoka mtoni na ndoo imejaa kichwani, juu ya ngata ya kitenge kikuukuu, mikono yote miwili inaning'inia, mara anamenya muwa, mara anasuka ukili. Akikutana na mzee njiani anapiga goti kidogo, "Shikamoo baba," anainuka, na maji hayajatikisika. Wazee walikuwa wakisimama kumtazama anavyoondoka. Mimi hata kabla ya kuvunjika nilikuwa nashika ndoo kwa mkono mmoja na bado naloa shingo. Tulikuwa marafiki, hilo halina ubishi, tulikula chungu kimoja na kulala kitanda kimoja mara nyingi kuliko dada wa tumbo moja. Lakini wivu na urafiki vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana kwa miaka, na wengi wanaosema hapana hawajajichunguza.

Mazoezi tuliyafanya jikoni kwao, kwa sababu kulikuwa na moto na nje kulikuwa na baridi. Ilikuwa nyumba ndogo ya tofali mbichi, mbali kidogo na nyumba kubwa, ukuta mweusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya meko. Saa hatukuwa nayo. Leokadia akaamua tupime kwa Salamu Maria. Mimi nasimama kwa mguu wa kushoto, mikono kifuani, yeye anasali kwa sauti na kukunja vidole. Siku ya kwanza sikufika hata "umejaa neema", nikaangukia kwenye kikapu cha maharage. Wiki ya pili nikamaliza Salamu nzima, lakini nilipozisali mwenyewe nilikuwa nakimbiza maneno hivi kwamba Mama wa Mungu mwenyewe asingenisikia, na Leokadia akanikatalia. "Hiyo si sala, hiyo ni kukimbizwa na mbwa. Anza upya." Alikuwa akisali taratibu, akitua kwenye kila neno, nami nikiwa nimesimama pale mguu unatetemeka nikiamini kabisa kwamba anafanya makusudi. Baada ya mguu mmoja kulikuwa na kigoda, kuinuka na kukaa mara ishirini, kwanza mikono mitupu, halafu nimekumbatia mfuko wa maharage, halafu mfuko umefungwa mgongoni kama mtoto. "Mguu wa kulia kwanza," alikuwa akisema nikiinuka kutoka sakafuni. "Taratibu. Usitafute pa kushika." Tukimaliza tulikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kasanga, na alikuwa akinisukumia dagaa wakubwa upande wangu akisema nyama haijengwi kwa mboga za majani. Mwaka huu kijana wa mazoezi ya viungo hapa Sumbawanga mjini, ninakoishi sasa, aliniambia, kwa uso wa mtu anayetoa siri, "Bibi, ukitaka balansi lazima ujenge nguvu za mapaja." Nikamwambia asante mjukuu wangu, nikasimama kwa mguu mmoja mbele yake hadi akaona aibu kuendelea kutazama saa.

Kufika Agosti nilikuwa nasimama kumi zima la rozari, Salamu Maria kumi mfululizo, na debe la maji nilikuwa nalipandisha kutoka mtoni, mwanzoni kwa kushika, kisha kwa kugusa tu, kisha siku moja nikagundua mikono yangu yote miwili iko chini. Nilifika nyumbani nikacheka peke yangu. Kama ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini mwaka ule ule kijana wa kigango chetu alikuwa amepadrishwa, naye angekuja kusoma misa yake ya kwanza nyumbani mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Hata asiyejua mambo yetu anaweza kuelewa maana yake: maaskofu wanaweza kupita usiwaone, lakini misa ya kwanza ya mtoto wa kwenu utaisimulia mpaka uzeeni. Na kilele chake, kwa sisi wanawake, ni maandamano ya vipaji. Wasichana wanaingia kwa mstari kutoka mlango mkubwa, vikapu vichwani, kwa mwendo wa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, na kila baada ya ile ya nyuma unasimama kwa mguu mmoja kidogo kabla ya kuendelea. Anayetangulia anabeba kikapu cha ulezi, debe zima, anapanda ngazi tatu, anapiga goti mbele ya padri na kubaki hivyo mpaka anayemfuata amtue. Mikono inakuwa wazi pembeni. Kwetu kushika mzigo wa altare ni aibu, wanasema anayeshika bado hajakubali kutoa. Nilikuwa nimeyatazama maandamano hayo tangu utotoni, na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa na mapaja ya kuyaweza. Nilitaka kutangulia. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kuolewa, na sikumwambia mtu.

Mpangaji wa vipaji alikuwa Mama Gaudensia, mama wa watoto saba, mwenye uwanja mpana ambako wanawake walikusanyika kupepeta ulezi wa misa. Siku moja nilikuwa ndani kwake natafuta ungo mwingine, wao wako nje chini ya dirisha. Mmoja akauliza nani atatangulia. Wakacheka, kama swali lenyewe ni utani. "Nani tena? Leokadia." Mwingine akasema, "Na huyu Oresta wetu? Siku hizi anajikaza." Nyungo zikaendelea, nikajua wanapepeta huku wanafikiri. Kisha nikamsikia Mama Gaudensia, bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichoniuma: "Oresta tumpe maua. Maua hata yakianguka hayana hasara." Nilibaki pale nimeshika ungo, nikisikia harufu ya vumbi la ulezi. Jioni Leokadia alikuja mbio kwetu, amefurahi kama kawaida yake. Alisema amewaomba wasinipe maua. Amewaambia mimi ndiye niwe nyuma yake, mtu wa pili, nimtue kikapu mbele ya altare. "Wamekubali!" alisema. "Tutakwenda pamoja." Nilimkumbatia. Nilimkumbatia na moyoni nikamchukia, kwa sababu kwa yale maua nilinyimwa sifa tu, lakini nafasi ya pili nilipewa kama sadaka, na aliyenipa ni yeye.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Mama Gaudensia asubuhi na mapema, nikamkuta peke yake karibu na ghala anamwagia kuku pumba. Nilimwamkia, nikazungukazunguka, nikashika ufagio nikaanza kufagia pasipo uchafu. Mwishowe nikasema, "Mama, sitaki kusema mengi. Ila Leokadia siku hizi akiamka asubuhi anasikia kizunguzungu. Naogopa asije akaangusha ulezi mbele ya padri." Haukuwa uongo mtupu. Ni kweli siku moja, alipokuwa hajala tangu jana yake, alishika ukuta akasema dunia inazunguka. Siku moja tu. Mama Gaudensia aliacha kumwaga pumba. "Tangu lini?" aliuliza. "Kama wiki mbili, tatu hivi," nikajibu. Aliniangalia kwa muda mrefu, mwanamke aliyebeba mimba saba, na nilijua vizuri sana anachokisikia ndani ya maneno yangu. Ndiyo maana niliyachagua. Msichana mwenye tumbo hawezi kutangulia vipaji, wala kufuata, wala kubeba hata hayo maua. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema, akaendelea na kuku wake. Nilirudi nyumbani nikitembea vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Hakuna aliyemshitaki Leokadia kwa sauti. Mambo hayo kwetu hayafanywi kwa sauti. Shangazi yake aliitwa, akaja, akajifungia naye chumbani siku mbili. Barua ya posa iliyokuwa inasubiriwa kutoka kwa mwalimu mmoja mtu wa Mbeya ikachelewa ghafla, bila sababu iliyotajwa. Na jina langu likahamishiwa mbele. Jioni ile sikwenda jikoni kwao. Nilijua sitaweza kumtazama. Akaja mwenyewe, macho mekundu, akasimama mlangoni. "Wameniondoa," alisema. "Wewe ndiye utatangulia. Twende, debe ni zito kuliko mfuko wa maharage, na wiki zilizobaki ni chache." Nikamfuata, ningefanya nini? Wiki zile alinikomesha. Hakucheka, hakunisukumia dagaa. Aliniwekea kikapu cha ulezi kichwani akanipigisha goti kwenye sakafu ya udongo, akaanza kusali, na zile Salamu zilikuwa zinakwenda polepole kuliko zamani zote, neno, kimya, neno, kimya, mpaka nikalia nikimwomba anitue. "Bado," alikuwa akisema. Nilidhani ana hasira na bahati yake mbaya, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa karibu. Hata hapo, nasema kweli, nilikuwa namwonea wivu kwa kuwa na haki ya kuwa na hasira.

Siku ya misa kanisa lilijaa hadi madirishani. Nilitwikwa mlangoni, ngoma ikaanza, nikaingia. Hatua mbili mbele, moja nyuma, kusimama. Mguu wa kushoto ulinibeba. Nilisikia wanawake wakipiga vigelegele, nikasikia mtu akisema, "Ni yule wa mkokoteni!" na sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Nilimwona Leokadia benchi la nyuma kabisa, ukutani, na jirani zake wameacha nafasi kati yao na yeye. Nikapita. Nikapanda ngazi tatu, nikapiga goti, nikasubiri kutuliwa. Aliyenifuata alikuwa Skola, binti wa katekista, aliyepewa nafasi ile baada ya mimi kupanda cheo. Alipofika ngazi ya kwanza alitazama watu, na kikapu chake cha maharage kikamwagika chote. Badala ya kuja kwangu akainama kuokota. Watoto wakaingia kuokota naye, watu wakacheka, kwaya ikarudia ubeti, ikaurudia tena. Padri mpya, maskini, alisimama mikono mbele hajui kama anaruhusiwa kunisaidia. Mimi niko chini na debe la ulezi kichwani. Paja likaanza kuwaka, kisha kutetemeka, na kutetemeka kukapanda hadi shingoni, ulezi ukaanza kudondoka punje punje begani. Mikono yangu ilikuwa inaomba iende juu. Hapo nikasikia minong'ono, nikaona kivuli kinapita ubavuni. Alikuwa Leokadia. Alikuwa ametoka benchi la nyuma, akapita katikati ya kanisa zima kwa mwendo wake ule ule, na macho yote juu ya tumbo lake. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, akakiinua, akakiweka miguuni pa padri. Kisha akaniinamia, hakunitazama usoni. "Mguu wa kulia kwanza," alisema. "Taratibu."

Unaweza kudhani kwamba pale nilitubu. Baada ya misa, kwenye wali na nyama, watu walimzungumzia nani? Leokadia. Namna alivyoinuka, namna alivyopita, na namna, wanawake walivyosema huku wakitazamana, kiuno chake kilivyokuwa chembamba. Mimi niliyecheza kanisa zima bila kushika nilikaa na sahani yangu nikisikiliza sifa za mtu aliyetembea mara moja bila mzigo, na wivu ukanirudia mzima mzima. Miezi ikapita, tumbo halikuonekana, Mama Gaudensia akaanza kumpa mayai bila sababu, na yule mwalimu akaleta posa yake. Wakaoana, wakabaki Mwimbi. Hilo nalo niliwaonea wivu. Nami nikaolewa, nikahamia Sumbawanga, na kwa zaidi ya miaka arobaini sikuacha kwenda kwake kila mavuno, nikalala kwake, nikala kwake, na kila mara nilipoondoka nilijiambia safari ijayo nitamwambia. Sikumwambia.

Wiki tatu baada ya maziko, binti yake mkubwa, Neema, alikuja mjini kwa shughuli zake akapita kunisalimia. Nilimpikia chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Alipokaa tu nilimwona mama yake katika namna alivyoshika kikombe, na nikahisi kwamba nisiposema siku ile nitakufa nayo. "Neema," nikamwambia, "mwaka wa misa ya kwanza, mimi nilimsingizia mama yako." Aliendelea kumenya kiazi chake. "Ile ya kizunguzungu?" akauliza. Nikaweka birika chini. "Alijua, mama mkubwa," alisema kwa upole. "Asubuhi ile alikuwa nyuma ya ghala la yule mama, alikwenda kuazima kinu. Alikusikia mwenyewe."

"Asubuhi ile ile?"

"Ile ile."

Nikazipitia zile Salamu za polepole, moja moja, na lile debe, na ngazi tatu, na miaka yote ya mavuno. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia, hata siku moja, hata kwa kunitukana.

"Nami nilimwuliza hivyo hivyo," Neema alisema. "Akasema, nikimwambia, Oresta ataacha kuja."

Nilitaka kubisha. Kisha nikajifikiria jinsi nilivyo, nikaona ni kweli. Ningeacha.